Saileji ikipata moto, usilifunue shimo

Kosa hili linarudi kila msimu wa kukata mahindi ya malisho, na linawagharimu wafugaji chakula cha miezi ya kiangazi. Mtu analijaza nusu shimo la saileji, yaani malisho mabichi yanayokatwakatwa, kushindiliwa na kufunikwa yachachuke bila hewa; jioni vibarua wanaondoka, mashine ya kukatia majani inarudi kwa mwenyewe, na shimo linalala wazi. Kesho yake akitia mkono anakuta majani ni ya moto. Basi analiacha wazi tena lipoe, na wengine wanayageuza kwa uma. Tafadhali, acheni! Joto lile halitokani na jua. Linatoka ndani ya majani yenyewe, na hewa unayoingiza ndiyo inayolichochea.

Hindi lililokatwa halijafa. Seli zake zinaendelea kupumua: zinatumia sukari na oksijeni, zinatoa kabonidioksidi, maji na joto. Vijidudu vinavyopenda hewa navyo vinafanya vivyo hivyo. Sukari inayoungua hapo ni ile ile ambayo ng'ombe angeila, na ni ile ile inayohitajiwa na bakteria wa asidi ya laktiki ili wachachushe malisho. Joto likipita nyuzi 40, protini huanza kushikamana na sukari. Majani yanakuwa ya kahawia na kunukia kama tumbaku. Ng'ombe ataila saileji hiyo kwa hamu, na mfugaji ataridhika, kumbe sehemu kubwa ya protini inapita tumboni bila kumfaa.

Ukifunika vizuri, oksijeni iliyobaki ndani huisha kwa saa chache tu. Zamu inakuwa ya wale bakteria. Wao huvunja molekuli moja ya glukosi kuwa mbili za asidi ya laktiki na kujipatia ATP 2 tu (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli), ilhali seli inayotumia oksijeni hupata 30 hivi. Uchache huo ni faida kwako, maana nishati kubwa inabaki ndani ya asidi na ng'ombe ataitumia. Asidi ikishusha pH (kipimo cha ukali wa asidi: ikishuka, asidi imezidi) hadi kama 4, waozeshaji hawawezi kazi tena.

Kwa hiyo pigana na hewa. Vuna mahindi punje zikiwa kati ya maziwa na kukomaa. Kata vipande vya sentimita 1 hadi 2; vya sentimita 5 havishindiliki, hata ukanyage mpaka usiku. Tandaza tabaka la sentimita 15, shindilia, ndipo uongeze lingine. Watu hukanyaga katikati na kusahau pembe na kingo, na huko ndiko ukungu huanzia. Matete yana sukari kidogo: yanyaushe kwanza, kisha nyunyizia molasi kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100, ukiwa umeizimua kwa maji. Mahindi hayahitaji molasi.

Jaza na ufunike siku hiyo hiyo. Kama nguvu kazi haitoshi, chimba mashimo mawili madogo au tumia mapipa ya plastiki yenye mifuniko inayobana. Ukilazimika kulaza kazi, shindilia tabaka la juu, lifunike kwa nailoni na uigandamize kwa mawe. Usiliache wazi hata usiku mmoja. Mwisho funika kwa nailoni nyeusi nzito, weka udongo wa sentimita 30 au zaidi, na uchimbe mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Kisha subiri siku 30. Kufunua siku ya kumi ili "kuangalia" ni kuingiza hewa upya, na panya akitoboa nailoni, ziba siku hiyo hiyo.

Saileji nzuri ina rangi ya kijani iliyoingia manjano na harufu tamu ya uchachu.

Hatari inarudi unapoanza kulisha, kwa sababu oksijeni imeingia tena: hamira za asili zinaila asidi ya laktiki, pH inapanda na moto unaanza upya. Fungua upande mmoja tu. Kata wima, toka juu hadi chini, angalau sentimita 15 kila siku, kisha rudisha nailoni. Mwenye ng'ombe wawili asichimbe shimo pana kama la jirani mwenye kumi, maana hatafikisha sentimita hizo 15. Achimbe jembamba na refu.