Gitaa la besi la zamani: kulinunua na kulifufua ukiwa Tanga

Kama uko Tanga na unatafuta besi la zamani, uko sehemu nzuri kuliko unavyodhani. Huu ndo mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vyombo vya enzi zile za dansi havijaisha vyote, vingine viko juu ya kabati, vingine stoo, vingine chini ya kitanda cha mzee ambaye vidole vimeshachoka. Mi langu nililipata Makorora kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga besi, na sikuliona kwenye tangazo lolote, nilikuwa nawaulizia mafundi redio wa Ngamiani kila nikipita mpaka mmoja akanielekeza. Mafundi redio wanajua nani alileta amplifaya miaka ile na nani bado ana chombo ndani.

Ukifika, shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai, mwache mzee akuhadithie. Usianze kutoa mita ya umeme na bisibisi mlangoni. Mtu anayeuza besi lake anauza ujana wake, na akiona unalipenda kweli atakwambia mwenyewe lilianguka lini na wapi lilichomelewa.

Sasa kagua, na anza na shingo, maana vingine vyote vinatengenezeka ila shingo ikipotoka umeumia. Lishike gitaa kama fundi seremala anavyoangalia ubao, jicho moja, toka kichwani kwenda kwenye briji, kile chuma cha kwenye bodi kinachoshika nyuzi. Kupinda mbele kidogo sawa, nyuzi nne nene zimevuta miaka na miaka. Kujisokota, yaani upande wa uzi mnene umeenda kwingine na upande wa uzi mwembamba kwingine, hiyo acha, aga vizuri uondoke. Halafu tafuta chuma cha ndani ya shingo kinachokazwa kwa spana ya L au ya boksi, kipo kichwani au pale shingo inapoungana na bodi. Omba ruhusa ukijaribu taratibu, kikizunguka kidogo tu bila kukwama umepona. Ila magitaa mengi ya Japani ya miaka ya 60 na 70 yana bamba nyuma limeandikwa kwamba shingo ina chuma, na chuma chenyewe mara nyingi hakikazwi, kimelala tu humo, kwahiyo shingo ya namna hiyo ikiwa imepinda hakuna pa kuirekebishia.

Pikapu, ile sumaku yenye waya chini ya nyuzi inayonasa sauti, usiifungue. Chomeka waya wa gitaa kwenye jeki, yaani tundu lake, fungua voliyumu na toni mpaka mwisho, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye kichwa cha plagi na nyingine kwenye shina. Ukiona kati ya kilo omu 5 na 12 pikapu iko hai, zikiwa mbili zimefunguka pamoja unaweza kuona 3 au 4, usiogope. Mita ikikuonyesha namba kubwa sana, kwenye 250 hivi au zaidi, au isisome kabisa, kuna waya umekatika na huenda ni ule wa ndani ya pikapu. Ule ni mwembamba kuliko unywele, kama milimita 0.06, hata hawa mafundi wanaosuka mota hawana kawaida ya waya wa hivyo, kwahiyo bei ishuke.

Mtu akikwambia hili ni Fender ya Marekani ya mwaka fulani, muombe mfungue kibamba mtazame mgongoni mwa voliyumu. Namba ikianza na 137 ni ya kiwanda cha CTS, zinazofuata ni mwaka na wiki, mfano 1376633 ni wiki ya 33 ya 1966. Haithibitishi gitaa zima ila voliyumu ya 1974 haiwezi kukaa kwenye gitaa linalodaiwa ni la 1966 bila mtu kuibadilisha.

Umeshalileta nyumbani. Piga picha kila waya kabla hujagusa kitu. Chumvi ya bahari ndo adui wetu, utakuta jeki ina kutu, skrubu zimeshika, voliyumu zinakwaruza. Nunua dawa ya kopo ya kusafishia kontakti kwa mafundi elektroniki, puliza ndani ya voliyumu kidogo, zungusha mara 30, mara nyingi inatosha. Jeki ikilegea badilisha tu, bei ndogo. Kuna waya mwembamba unaingia chini ya briji, huo ndo ethi ya nyuzi, ukikatika gitaa linavuma na hata ukishika nyuzi mvumo haupungui. Uchomelee. Na tafadhali sana usichomeke kwenye amplifaya iliyokatwa mguu wa ethi, zile nyuzi zimeungwa na chasisi, hitilafu ikitokea umeme utakuja mikononi mwako.

Freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) zenye kutu: funika mbao na pikapu kwa tepu ya karatasi, chukua msasa wa maji namba 2000 kwenye maduka ya rangi za magari, sugua polepole. Stilwaya ya kuoshea sufuria hapana, inachubua, na vumbi lake linanasa kwenye sumaku za pikapu. Ubao mweusi wa shingo ufute kwa kitambaa chenye unyevu, ukauke, upake matone machache ya bebi oili. Mafuta ya nazi usipake, najua yako jikoni kwa kila mtu hapa, ila baada ya muda yanachacha na kunuka. Tundu la skrubu lililolegea jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao. Rangi usiguse kabisa! Mikwaruzo ile ni ya kazi, na ukilipaka upya thamani inaondoka.

Nyuzi: pima toka ule mfupa wa juu, nyuzi zinapopita kuingia kichwani, mpaka freti ya 12. Ukipata inchi 17 ni la urefu kamili, inchi 34, ukipata 15 ni fupi la inchi 30 na nyuzi zake ni tofauti, watu wengi wananunua kosa hapa. Mi napenda zile laini zilizofungwa kwa utepe bapa, zinatoa ule mdundo mzito wa dansi. Funga, tuni, acha usiku mmoja.

Asubuhi bana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho, angalia nafasi kwenye ya 7 au 8, iwe milimita 0.3 hivi, chini ya nusu ya unene wa kadi ya benki. Ikizidi kaza kile chuma cha shingo robo mzunguko tu, subiri, pima tena. Ndo urekebishe kimo cha nyuzi kwenye briji, kama milimita 2 na kitu juu ya freti ya 12, na mwisho kabisa sauti: noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake (mlio wa kugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubana), rudisha nyuma kitandiko, kile kipande cha briji uzi unapolalia. Langu huwa naliangalia upya masika ikianza na tena kaskazi ikishika, mbao zinavuta unyevu na shingo inasogea.