Maji ya moto yakiwahi kuganda: namna ya kupima mwenyewe kwenye friza

Sisi tunaouza barafu za maziwa hapa Tanga jambo hili tunalijua kwa mikono. Umeme unarudi saa tano, watoto wanatoka shule saa nane, huna muda wa kusubiri maziwa yapoe. Unayaingiza kwenye friza yakiwa bado yanafuka, na kuna siku yanawahi kuganda kuliko yale uliyoyapoza kwa utaratibu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba Sekondari kule Lushoto, aliyaona hayohayo. Wanafunzi walikuwa wakigombea nafasi kwenye friji ya shule, yeye akaingiza maziwa yake ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado uji mzito. Mwalimu akamwambia amechanganya mambo. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza ashkrimu hapahapa Tanga akamweleza kwamba yeye hutumia maziwa ya moto makusudi, yagande upesi. Nikilisoma hilo moyo wangu unafurahi kila mara: wauzaji wa mji huu walishajua.

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliponiuliza, "Shangazi, ni kweli au ni uzushi?", nilimwambia tusibishane, tupime. Tulivyofanya ni hivi.

Tafuta vikombe viwili vya bati vya seti moja, vikubwa sawa. Usitumie glasi, itapasuka. Pima maji mililita 70 kila kikombe. Kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto kinatosha kupimia. Nimechagua 70 kwa sababu ndicho kipimo walichotumia Mpemba na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa akisoma wakati huo, Mpemba akasimama na swali lake, wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa majina yao wote wawili.

Chemsha maji yote kwanza, kisha nusu yaache yapoe mezani mpaka yawe ya kawaida. Ukichemsha nusu tu, utakuwa umefukuza hewa kwenye kikombe kimoja na kuiacha kwenye kingine, na hutajua kilichofanya kazi ni joto au hewa. Usichukue maji ya friji. Kwenye vipimo vyao, yaliyokawia kuliko yote yalianzia nyuzi 25, na yaliyoanzia karibu na 90 yaliwahi mno.

Sasa friza yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Friza zetu zina barafu nyeupe chini, na barafu ile imejaa hewa, ni kama blanketi. Kikombe cha moto kinaiyeyusha, kinatua kwenye chuma chenyewe na kunyonywa joto upesi. Cha baridi kinabaki juu ya blanketi lake. Kwa hiyo vitandikie vyote kipande cha lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki. Osborne naye alitandika kitu cha namna hiyo, na bado maji ya moto yakawahi, kwa hiyo blanketi si jibu lote. Alipomimina mafuta kidogo juu ya maji, yalikawia sana kupoa. Akaona kuwa joto lilikuwa likitokea juu. Basi na wewe usifunike.

Kabla hujafunga mlango, kubalianeni "kuganda" ni nini. Ni utando wa kwanza juu, au ni mpaka kijiti kisiingie? Maji huweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yakaganda ghafla, kwa hiyo majibu ya maswali hayo mawili si lazima yafanane. Kama una kipimajoto, kizamishe kimo kilekile kwenye vikombe vyote. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wasione dalili ya maana ya jambo hili, na wakaonyesha kuwa tofauti ya sentimita moja tu ya kina inaweza kukupa jibu la uongo.

Rudia siku nyingine ukibadilishana nafasi, cha kushoto kiende kulia, kwa maana friza haina baridi sawa kila kona. Mlango ufungue kila baada ya dakika kumi, si zaidi. Na tafadhali ondoa kwanza barafu za kuuza, mvuke utaziharibu.

Andika kila zamu, hata ile ambayo maji ya baridi yametangulia. Kwetu yametangulia mara nyingi tangu tuweke lile boksi, na mpwa wangu ameziandika zote. Jumamosi tunaanza na maziwa.