Kubadili prosesa ya laptopu ya zamani ili iendeshe Windows XP ndani ya mashine pepe

Programu ya kudarizi iliyokuja na mashine, programu ya hesabu za duka iliyoandikwa enzi za Windows 98, kipimo cha hitilafu za magari kinachotaka XP na si kingine: vitu hivi bado vinafanya kazi Dar es Salaam nzima. Windows ya biti 64 haifungui kabisa programu za biti 16, na vifaa vingi vya zamani havina draiva mpya. Ndiyo maana watu huweka XP ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu kama VirtualBox ndani ya Windows au Linux yako. Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa za zamani za Intel Core 2 Duo kazi hukwama hapo, maana tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox haiwashi mashine pepe kama prosesa haina VT-x, uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe, na baadhi ya Core 2 Duo hazina.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kweli unahitaji prosesa nyingine. Programu ya DOS inatosheka na DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, ambayo haihitaji VT-x hata kidogo. XP ya biti 32 inawaka pia kwenye VirtualBox 6.0 bila VT-x, ila ni nzito, na toleo hilo halifanyiwi marekebisho tena. Na kama laptopu ina RAM ya GB 2, anza na RAM. Prosesa peke yake haitakusaidia.

Kujua ulichonacho ni dakika moja. Kwenye Linux andika grep -c vmx /proc/cpuinfo. Jibu likiwa 0, VT-x haipo, au imezimwa kwenye bayosi (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta). Kwenye Windows fungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa, usome mstari wa Instructions. Prosesa za T5250, T5450 na T5750 hazina. T7300, T7500, T8100, T8300 na T9300 zinayo. Kwa hiyo GHz zisikuchanganye: T5750 yenye GHz 2.0 haikufai kwa kazi hii, wakati T7300 yenye GHz 2.0 hizohizo inakufaa.

Sasa linganisha na mazabodi. Laptopu zenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi inayoongea na prosesa) ya Intel 965, kama Dell Inspiron 1525, hutumia Soketi P, yaani aina ya tundu la kuchomekea prosesa, na FSB, njia ya data kati ya prosesa na chipseti, isiyozidi MHz 800. T8100 na T8300 zinaingia vizuri, zote ni za wati 35. T9400 ina FSB ya MHz 1066, inataka chipseti ya kizazi kilichofuata. Ukiichomeka hapa usitegemee iwake. Laptopu za mwaka 2006 zenye T5500 hutumia Soketi M. Hiyo nayo ina matundu ya pini 478, lakini mpangilio wake ni mwingine, usilazimishe. Na kama prosesa imechomelewa kwenye mazabodi, kama zile zenye herufi U mwanzoni mwa jina, achana na mpango huu mapema.

Bayosi ndiyo huwaumiza wengi. Kuna watengenezaji waliofunga VT-x kwenye bayosi hata pale prosesa inapokuwa nayo. Sony ilifanya hivyo kwenye Vaio nyingi. Menyu inaweza pia kuificha swichi hiyo kwa sababu prosesa iliyopo haina VT-x, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako kwanza. Kisha weka bayosi ya mwisho ya mtengenezaji wakati prosesa ya zamani bado imo ndani, maana T8100 na wenzake walitoka baada ya laptopu nyingi za 965, na bayosi ya mwanzo huenda isiwatambue. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati na betri imekufa, mazabodi inaweza kugoma kuwaka tena.

Prosesa hupatikana kwa mafundi wa Kariakoo, ikitolewa kwenye laptopu zilizokufa. Usisikilize jina tu, soma maandishi juu yake: T8300 huandikwa SLAPA, T8100 SLAP9. Igeuze uangalie pini kwenye mwanga kwa pembeni. Iliyolala inaonekana kwa kukatisha mstari.

Zima, toa chaja na betri, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde 30. Shika chuma kabla ya kugusa mazabodi. Fungua kifuniko cha chini; kwenye modeli nyingine lazima kibodi itoke kwanza. Legeza skrubu za hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) kidogokidogo kwa kufuata namba zilizochorwa. Ikigoma kutoka, izungushe taratibu, usiivute juu kwa nguvu. Zungusha skrubu bapa ya soketi kinyume cha saa, nyanyua prosesa wima. Mpya iingie kwa kona yenye pembetatu na idondoke yenyewe bila kusukumwa. Bonyeza katikati kwa kidole ukizungusha skrubu kuifunga. Ukiruka hatua hii ndipo unapata mashine inayowaka leo na kugoma kesho.

Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Chipu ya prosesa hizi iko wazi bila kifuniko cha chuma, hivyo ukikaza skrubu upande mmoja kwanza kona inaweza kumeguka. Raba ya kijivu juu ya chipseti ibaki: pesti haiwezi kuziba pengo lile. Pulizia vumbi kwenye mapezi ya hitisinki; kwa joto la Dar, feni iliyoziba inaweza kupandisha prosesa juu ya nyuzi 90 ukianza kazi nzito.

Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka, kosa ni bayosi au prosesa uliyonunua. Isipowaka, kagua RAM kwanza.

Ukishawasha VT-x kwenye bayosi, zima laptopu kabisa kisha uwashe. Ipe XP RAM ya MB 512 na diski ya GB 10. Ukihamisha kompyuta nzima ya zamani kwa Disk2vhd, programu inayogeuza diski halisi kuwa faili la diski ya mashine pepe, chagua kwenye VirtualBox kidhibiti cha diski cha IDE aina ya PIIX4. Kwenye SATA XP itaanguka na kosa la 0x0000007B. Mtandao wa mashine pepe uzime, kwani XP haijapata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014. Mafaili yapite kwenye folda ya pamoja. Kifaa cha leseni cha USB kiongezee kichujio chake kwenye mipangilio ya VirtualBox, la sivyo kitabaki kwenye mfumo wa nje, yaani Windows au Linux ya laptopu, na programu itadai haina leseni.