Gia ibadilishwe kabla ya mlima

Wenye baiskeli za gia mnaopanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo, Kisumu, wekeni gia nyepesi mapema, mkiwa bado na mwendo. Cheni huhama tu pedali zikizunguka kwenda mbele, na haitaki kuhamishwa huku umeikanyagia kwa uzito wote. Ndiyo ile "kraa!" inayofanya hata watu wa bodaboda wageuke, na wakati mwingine cheni inachomoka kabisa. Mlima ukishakubana, kanyaga kwa nguvu kidogo upate kasi, legeza miguu bila kuacha kuzungusha, kisha bonyeza kibadilishio cha gia. Gia moja moja, si tatu kwa mpigo. Tena, cheni kukaa kwenye duara kubwa la meno la mbele pamoja na kubwa la nyuma hapana: inakaa mshazari na kuvutika mno.