Kuchagua kati ya UNAVAILABLE, ABORTED na FAILED_PRECONDITION katika gRPC
gRPC, mfumo unaowezesha programu moja (mteja) kutuma maombi kwa nyingine (seva) kupitia mtandao, ina misimbo 17 ya hali, kuanzia 0 hadi 16, ambayo seva huirudisha kueleza ombi limeishaje, na inayowachanganya watu zaidi ni 9 (FAILED_PRECONDITION), 10 (ABORTED) na 14 (UNAVAILABLE). Kabla ya kuchagua, jiulize programu ya mteja itapaswa kufanya nini ikishapokea jibu. Iwapo inatosha kurudia ombi lile lile baada ya kusubiri kidogo, kwa mfano seva inapowashwa upya, rudisha UNAVAILABLE; iwapo miamala miwili imegongana na mteja analazimika kusoma upya data husika, tuseme salio la akaunti, kulikokotoa na kuliandika tena, rudisha ABORTED; na iwapo kurudia hakutasaidia mpaka hali ya mfumo irekebishwe, kama vile kufuta folda ambayo bado ina mafaili ndani yake, rudisha FAILED_PRECONDITION. INVALID_ARGUMENT iachie ombi ambalo lenyewe lina kasoro, mfumo uwe katika hali yoyote ile. UNKNOWN (kosa lisilojulikana), ambayo wengi wetu huiacha ijitokeze kwa uvivu tu, haimwambii mteja lolote. Aidha, UNAVAILABLE haithibitishi kwamba ombi halikutekelezwa. Kwa hiyo ombi la malipo lisirudiwe bila namba ya kumbukumbu itakayoiwezesha seva kutambua kwamba ni lile lile la awali.