Namna Karakana Inavyoweza Kuwapata Wanafunzi Mahiri wa Uhandisi Kupitia Mafunzo kwa Vitendo

Kila mwaka, muhula wa pili unapoanza kuchanganya, bahasha za kaki zenye barua za kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo hurundikana mapokezini katika karakana na viwanda vya Dar es Salaam. Waajiri wengi huwapokea wanafunzi wawili watatu kama hisani kwa chuo, kisha baadaye hulalamika kwamba vijana mahiri wote wamechukuliwa na kampuni kubwa. Mwongozo huu ni wa mwenye karakana ya kiasi, mathalani inayotengeneza pampu na mota za umeme, ambaye hawezi kushindana kwa mshahara, lakini anacho kitu ambacho mwanafunzi hakipati darasani: mtambo ulioharibika kweli na mteja anayeusubiri.

Anza kwa kuhesabu muda. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huenda mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane katika likizo ndefu baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwajiri anayepokea sura mpya kila mwaka hubaki na wageni wa wiki nane, ilhali yule anayemwalika tena mwanafunzi aliyempenda huwa amekaa naye wiki 24 kabla hajahitimu, na usaili wa kumjua hauna kazi tena. Kwa hiyo usisubiri bahasha. Mwandikie mapema mratibu wa mafunzo wa idara husika, ukieleza kwa aya moja mwanafunzi atafanya kazi gani, chini ya fundi yupi, na ataondoka akiweza nini. Tangazo la “nafasi za fildi zipo” huleta yeyote, ila sentensi isemayo “utaifungua, utaipima na kuisuka upya (kuizungushia waya mpya) mota moja kwa mikono yako” humleta yule hasa unayemtafuta. Fika pia DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mwajiri anayelipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi tayari anachangia mafunzo ya VETA, na itakuwa ajabu asiende kuona fedha yake imezaa nini.

Kazi ya kwanza ndiyo inayoamua kama kijana atatamani kurudi. Mwaka mmoja, katika karakana yetu, tulimpokea binti wa mwaka wa pili, mpole na makini, akakaa nasi wiki zote nane. Siku ya kuaga nilifungua daftari lake la kumbukumbu kutafuta pa kutia sahihi, nikakuta siku kumi na moja mfululizo ameandika “kusaidia usafi wa karakana”, na kurasa zote hizo zilikuwa na sahihi yangu, niliyokuwa nikiiweka kila Ijumaa bila kusoma. Mwaka uliofuata tulimwalika arudi, hakujibu.

Tangu hapo mwanafunzi wetu huanza na mota ndogo iliyoungua ambayo mteja mwenye nayo ameshaikatia tamaa. Kabla ya kutupa waya hata mmoja, anahesabu mifereji ya stata (sehemu ya mota isiyozunguka), anahesabu mizunguko ya waya katika kila koili, anapima unene wa waya kwa maikromita, na kuchora jinsi koili zilivyounganishwa. Hesabu hizo zikipotea, waya ukishatupwa hakuna awezaye kuzirudisha kwa kukisia, na hapo ndipo kijana huelewa kwa nini fundi mkongwe hafanyi haraka. Kisha anaweka karatasi mpya za kuzuia umeme, anasuka, anapaka vanishi na kukausha, na hawashi chochote mpaka apime kama umeme hauvuji kutoka kwenye waya kwenda kwenye bodi, yaani gamba la mota. Faida ilirudi kwetu bila kutarajia, maana vipimo ambavyo fundi wetu alikuwa navyo kichwani tu sasa vimeandikwa katika daftari la karakana.

Chagua fundi mmoja wa kumsimamia, umpunguzie mzigo wa kazi, na umlipe posho kidogo kwa kufundisha. Fundi hodari kuliko wote si lazima awe mwalimu mzuri. Anayempokonya mwanafunzi bisibisi kila anapokosea atakuharibia msimu mzima.

Nauli na chakula vilipwe kila wiki, si mwisho wa mafunzo. Mikopo ya elimu ya juu ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na anayetoka Mabibo kuja Chang'ombe hulipa daladala asubuhi na jioni. Viatu vya usalama na miwani apewe siku ya kwanza, kwa kuwa hatari ya karakana haiangalii nani mwajiriwa na nani mwanafunzi. Waambie wafanyakazi wote, mbele ya wanafunzi wenyewe, kwamba kudai ngono kwa ajili ya alama au sahihi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na umtaje mtu wa kupokea malalamiko ambaye si msimamizi wao.

Wiki ya mwisho, mwanafunzi awaeleze mafundi alichokifanya, mota yake ikiwa mezani, nao wamuulize maswali. Usimwahidi ajira usiyokuwa nayo. Aliyefanya vizuri mwaka wa tatu mpe tatizo lenu halisi liwe mradi wake wa mwaka wa mwisho, kwa mfano pampu ya kisima fulani inayorudi kila baada ya miezi michache ikiwa imevunja beringi. Mlipie nauli ya kwenda kupima, mruhusu atumie vifaa vyenu vya vipimo, na kama nafasi ipo, mwandikie barua ya ajira kabla matokeo yake ya mwisho hayajatoka.