Dereva asiyejali wenzake akikuomba umsaidie kupinga faini ya maegesho

Ukijulikana mjini Mbeya kwamba unajua kuandika barua za malalamiko, haitachukua muda kabla hujajiwa na dereva ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa kupaki anavyotaka. Ushauri wangu ni kwamba uipime faini kwanza na tabia yake baadaye, kwa sababu adhabu iliyotolewa kimakosa ikiachwa ipite eti kwa kuwa aliyeadhibiwa hapendwi, makosa ya namna hiyo yatawafikia na wasio na hatia.

Anza kwa kuomba uone karatasi au ujumbe wenyewe, kwani wengi huchanganya mambo mawili. Deni la ushuru wa maegesho unaokusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, huingizwa kwenye mfumo kwa namba ya gari, kwa hiyo herufi moja ikikosewa deni linamwangukia mtu ambaye siku hiyo gari lake halikutoka Tukuyu. Linganisha namba, tarehe, saa na eneo, kisha uulize nani anaweza kuthibitisha gari lilipokuwa. Faini ya askari wa usalama barabarani ni jambo jingine: inatokana na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kwa kawaida ni shilingi 30,000 kwa kosa, na anayekana kosa ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Barua kwa TARURA haiwezi kuifuta.

Ukiona karatasi haina dosari, mwulize aliliacha gari mahali gani hasa, wala usiridhike na jibu la "pembeni tu". Karibu na soko la Mwanjelwa, gari likipandishwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mama mwenye ndoo ya parachichi kichwani hulazimika kushuka barabarani na kupita kati ya bajaji na daladala, huku akigeuza shingo kwa shida kuangalia kinachokuja nyuma yake. Kama ndivyo ilivyokuwa, mwambie alipe. Kama alikuwa anamshusha mgonjwa, hilo ni ombi la kuhurumiwa, si hoja kwamba faini ni batili, na barua ieleze hivyo waziwazi.

Dereva mkorofi mwenye hoja ya kweli msaidie kwa hoja hiyo moja tu. Kataa kuandika kwamba kibao cha katazo hakikuwapo ilhali picha inakionyesha. Na akianza kusema kuna mtu wa "kuongea naye", mweleze kwamba hiyo ni rushwa na kwamba msaada wako unaishia hapo hapo (mimi hapo hurudisha hata soda niliyonunuliwa).

Ukiamua kukataa, mwambie siku hiyo hiyo na umrudishie karatasi zake zote, ili muda wa kulipa usimpite akiwa anasubiri barua ambayo hutaiandika.